Mshirika wetu ametukana Wahindi jukwaani: tumkane?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kutetea fukwe za umma hapa Tanga. Mwaka wa nne huu tunapinga kuta na nyaya zinazoshushwa hadi majini, ili wavuvi na wakazi wapate kupita. Mshirika wetu mkubwa ni mzee mmoja mfanyabiashara. Yeye ndiye anayetulipia ukumbi, spika na uchapishaji, na akishika maiki watu wanajaa. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa hadhara, aliacha habari za ukuta akaanza kuwasema Wahindi: kwamba ni magabacholi, wizi umo kwenye damu yao, warudi kwao. Watu walipiga makofi. Si mara ya kwanza, ila safari hii kuna mtu alirekodi na video imezagaa. Mtunza hesabu wetu ni binti wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa. Amejitoa kwenye grupu la WhatsApp bila kuaga. Kamati imegawanyika. Wengine wanasema ulimi hauna mfupa, tunyamaze, yatapita. Wengine wanataka tamko. Je, tumkane? Na tukimkana, si tutakuwa tumewapa wenye kuta fimbo ya kutuchapia?

JIBU: Marahaba, katibu.

Jibu fupi ni ndiyo. Jitengeni na maneno yale hadharani, mkimtaja aliyeyasema. Ila mkifanya hivyo kwa kuwa tu video imezagaa, mtakuwa mmefanya nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara macho yamegota kwenye mstari mmoja: "Si mara ya kwanza, ila safari hii kuna mtu alirekodi." Huo ndio mzigo wenu, na nitaujibu kwa urefu kuliko hata swali uliloniuliza.

Kuna waliopita hapo mlipo kabla yenu. NAACP ni chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi Marekani, kilianzishwa mwaka 1909. Mwezi Mei 2014 tawi lake la Los Angeles lilikuwa linajiandaa kutimiza miaka 100 kwa karamu ya kutoa tuzo. Miongoni mwa waliopangiwa kutunukiwa alikuwamo Donald Sterling, tajiri wa majumba ya kupangisha na mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Clippers. Alikuwa mchangiaji wa tawi, na alikuwa akitoa tiketi za mechi kwa vijana wa mitaa ya kimaskini. Tarehe 25 Aprili ikavuja sauti yake iliyorekodiwa faragha. Anasikika akimgombeza mwanamke rafiki yake kwa kuweka Instagram picha aliyopiga na Magic Johnson, nyota mweusi wa zamani wa mpira wa kikapu, akimtaka asijionyeshe hadharani na watu weusi na asiwalete kwenye mechi zake. Siku mbili baadaye wachezaji wake, wengi wao weusi, waliingia uwanjani Oakland, wakavua makoti ya mazoezi na kuyarundika katikati ya uwanja, wakabaki na fulana nyekundu walizozigeuza ndani nje ili jina la timu lisionekane.

Tawi nalo likajitenga. Tarehe 28 Aprili mwenyekiti wake, Leon Jenkins, aliwaita waandishi wa habari akatangaza kwamba tuzo imefutwa na fedha za Sterling zitarudishwa. Ukitazama juu juu utasema wamefanya sawasawa na haraka. Lakini swali lililobaki mezani halikuhusu ile sauti. Mwaka 2006 Wizara ya Sheria ya Marekani ilimshtaki Sterling kwamba katika majengo yake anawabagua wapangaji weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na familia zenye watoto. Mwaka 2009 kesi ile ilimalizwa kwa makubaliano ya kulipa zaidi ya dola milioni 2.7, bila yeye kukiri kosa. Na mwaka huohuo wa 2009 tawi hilohilo lilikuwa limekwisha kumpa tuzo nyingine. Sasa umma unauliza: mlikuwa hamjui? Kama mlijua, mlikuwa mnamtuza nini? Tarehe 1 Mei, siku ya tatu baada ya ule mkutano na waandishi, Jenkins alijiuzulu.

Ligi ilimfungia Sterling maisha na kumtoza faini ya dola milioni 2.5, na kufikia Agosti timu ilikuwa imeuzwa. Hayo yalivuma zaidi. Mimi kinachonikaa moyoni ni wale wapangaji. Walikuwa wamesema, tena mahakamani, miaka mingi kabla. Ni watu walewale ambao chama kile kilizaliwa kuwatetea. Lakini ushahidi wao ulikuwa makaratasi, hauchezwi kwenye simu, kwa hiyo karamu zikaendelea.

Rudi sasa kwenye mstari wako. Mara ya kwanza mzee wenu alipowasema Wahindi ilikuwa lini, na wapi? Kwenye kikao cha ndani? Kwenye gari mkitoka ufukweni? Nani alicheka, nani alitazama chini, na nani alimpigia simu jioni kumwambia "mzee, lile neno halikuwa zuri"? Kama hakuna aliyepiga simu, basi binti yenu wa hesabu amekuwa akikaa na jambo hili peke yake kwa muda ambao ninyi hamuujui. Alikuwa akija vikaoni, akifungua daftari, akisoma michango ya mtu anayesema damu yake ni ya wizi, kisha akiiandika senti kwa senti. Nakuomba ulifikirie hilo kabla hujafikiria tamko.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kuandika. Ni kwenda kwake. Nenda wewe na mwenyekiti, miguu yenu, msitume ujumbe wala msitume mtu. Msiende kumwomba arudi kundini, maana hilo ni kwa faida yenu. Mwambieni mliyasikia yale maneno, na mliyasikia hata zamani, na hamkusema. Kisha nyamazeni mumsikilize. Huenda akalia, huenda akafoka, huenda babake ndiye atakayetoka mlangoni kuwaambia binti hana la kusema. Pokeeni lolote litakalokuja. Na akiuliza mnataka kufanya nini, mwelezeni, mumpe rasimu aione kabla ya mtu mwingine yeyote nje ya kamati.

Nakuambia hili kwa sababu niliwahi kukosea hapohapo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisaidia kikundi cha wapangaji katika mji mmoja wa pwani. Kijana mmoja mwanasiasa, rafiki mkubwa wa kikundi, alisimama kwenye mkutano wetu akasema wapangaji wenye asili ya Kisomali ni wageni wenye vitambulisho vya kununua. Kukawa na kelele. Nikapewa kazi ya kuandika tamko, nikaandika usiku uleule, nikajiona nimefanya la maana. Asubuhi nilimpelekea mama mmoja, mpangaji mwenzetu, aliyekuwa akiuza anjera mlangoni pake. Alikuwa kapiga goti mbele ya chuma chake, unga ukitokota matundu matundu. Nikamsomea: "Tunasikitika endapo kuna yeyote aliyekwazika kutokana na matamshi yaliyotolewa katika mkutano wetu." Akageuza anjera, akaniambia soma tena. Nikasoma tena. Akaniuliza, "Na mimi niko wapi humo?"

Niliitafuta ile karatasi juu mpaka chini. Hakuwemo. Wala aliyesema hakuwemo. Wala lililosemwa halikuwemo. Kulikuwa na matamshi yaliyojitoa yenyewe na yeyote aliyekwazika, basi. Karatasi ile ilikwishachapwa nakala 200 na zikagawiwa hivyohivyo. Familia nne za Kisomali ziliacha kuja vikaoni, na mpaka kikundi kinavunjika hazikurudi.

Tangu siku ile kila tamko ninalosaidia kuandika nalipima kwa swali la yule mama. Kiswahili chetu kina vichaka vingi vya kujificha. "Matamshi yaliyotolewa": na nani? "Endapo kuna aliyekwazika": kana kwamba hamna hakika, na kosa liko kwenye moyo mwepesi wa aliyetukanwa. "Ni maoni yake binafsi": aliyasema kwenye jukwaa lenu, kwa maiki yenu, chini ya bango lenu, ubinafsi umeanzia wapi? "Yametafsiriwa vibaya": video ipo, watu wana masikio. Viondoeni vyote. Andikeni kama mtu mzima anayezungumza na jirani yake. Kwa mfano hivi, mkirekebisha mtakavyoona:

"Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, mshirika wetu Mzee Fulani aliwatukana Watanzania wenye asili ya Kihindi, akasema wizi umo katika damu yao na warudi kwao. Hayo ni maneno ya ubaguzi na ni uongo. Tuliokuwa jukwaani tulinyamaza, na wengi tulipiga makofi. Hii haikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo, na tulipaswa kumzuia mapema. Tunawaomba radhi majirani zetu wenye asili ya Kihindi, wakiwamo wanachama wenzetu. Kuanzia leo Mzee Fulani hatazungumza kwa niaba ya kikundi, na kamati haitapokea mchango wake mpaka atakapoyafuta maneno hayo hadharani. Kikundi kinapinga kuta zilizozuia njia ya ufukweni, awe amezijenga nani."

Ona kwamba tusi mnalitaja kwa kiasi cha kutosha kueleweka, ila hamlirudii lile neno gabacholi. Neno hilo lilipata nguvu kwenye mikutano ya hadhara ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na halihitaji msaada wenu liishi. Ona pia kwamba mmejitia humo ndani kwa "tulinyamaza". Wajumbe wenu watapinga mstari huo kuliko mwingine wowote, watasema tunajivua nguo. Upiganieni. Kama NAACP ya Los Angeles ingesema siku ile ya kwanza, "tulijua habari za wapangaji wake na tukampa tuzo hata hivyo, tulikosea", swali la waandishi lingekuwa limejibiwa kabla halijaulizwa. Na tamko lipitishwe na kamati kwa kura, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kisha lisomwe mahali palepale maneno yaliposemewa. Kulibandika kwenye simu hakutoshi, kwa sababu waliopiga makofi walikuwa wamesimama kwenye mchanga ule.

Sasa mzee mwenyewe. Umeandika "mzee" kwa heshima na ninaona inakutaabisha, maana umelelewa kama nilivyolelewa mimi, kwamba mkubwa haumbuliwi mbele za watu. Heshima hiyo msiitupe. Kabla tamko halijatoka, watafuteni watu wawili wa umri wake anaowasikiliza, labda mvuvi mkongwe na shekhe au mchungaji wa mtaani kwake, waende nyumbani kwake na mwenyekiti. Wampe rasimu. Wamwambie: unaweza kusimama mwenyewe hadharani ukayafuta, nasi tutasimama pembeni yako, usipoyafuta, karatasi hii itasomwa. Mpeni siku mbili au tatu, zisizidi, maana mwezi umekwisha pita na kila siku mnayokaa kimya inahesabika kuwa kauli yenu. Akikubali, ayafute bila "lakini". Neno likisemwa kwa siri linasahihishwa kwa siri, ila hili lilisemwa kwa spika.

Akikataa, msimfukuze kwa matusi wala msianze kuchimba biashara zake. Mwachieni mlango wazi kwa sharti moja: ayafute maneno yale hadharani.

Kuhusu fedha, najua hapo ndipo penye baridi. Ukumbi, spika, karatasi, vyote ni yeye. Nikukumbushe habari ya zamani. Mwaka 1867 huko Kansas, Marekani, wapiga kura waliulizwa maswali mawili kwa mpigo, kama wanawake wapige kura na kama wanaume weusi wapige kura. Susan B. Anthony na Elizabeth Cady Stanton, wapiganaji wakubwa wa haki za wanawake, walikubali kuzunguka na tajiri mmoja, George Francis Train, mzungumzaji hodari aliyevuta watu kwa kuwakejeli watu weusi jukwaani. Maswali yote mawili yalishindwa. Train akawatolea fedha za kuanzisha gazeti lao, toleo la kwanza likatoka Januari 1868. William Lloyd Garrison, mkongwe wa vita dhidi ya utumwa, alimwandikia Anthony barua kali ya kumlaumu kwa kushirikiana na mtu yule. Lucy Stone naye alijitenga. Anthony alishikilia kwamba Train amewasaidia pale ambapo wengine waliwatupa, na kusema kweli malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lakini mfadhili aliondoka akaenda zake ng'ambo, fedha zikakauka, na mwaka 1870 Anthony alibaki na deni la gazeti la dola 10,000, akalilipa kwa kuzunguka akitoa mihadhara kwa miaka 6. Chama chao cha kutetea haki sawa kwa wanawake na watu weusi kilikwisha pasuka mwaka 1869, mwanamke mweusi akibaki katikati hana pa kusimama, na vipande viwili havikuungana hadi 1890.

Kwa hiyo hesabuni leo: ukumbi unagharimu kiasi gani kwa mwezi, na mna wanachama wangapi wa kutoa elfu moja au elfu mbili? Kama haiwezekani, kutaneni chini ya mkungu pale wavuvi wanaposhonea nyavu. Nimeona vikundi vikifanya kazi nzuri zaidi vilipohama ukumbini, kwa sababu waliokuja walikuja kwa ajili ya jambo lenyewe, hawakufuata soda. Mchango ambao haujatumika mrudishieni kwa stakabadhi.

Kuna hoja moja itakayotolewa kikaoni, na usiidharau, kwa sababu ndani yake mna uchungu wa kweli. Mtu atasimama aseme: "Mbona wao ndio waliotubagua sisi?" Ukoloni uliwapanga watu ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, kwa shule, hospitali na mishahara. Wazee wenu wa Tanga waliozifanya kazi za mashamba ya mkonge na za maduka ya mjini wanakumbuka walivyoitwa na walivyolipwa. Yasemwe, yaandikwe, yafundishwe. Ila tazameni maumivu hayo yanatumiwa kufanyia nini.

Novemba 2019 Roger Hallam, mmoja wa waanzilishi wa Extinction Rebellion, kundi la kupigania hali ya hewa lililoanzia Uingereza, alihojiwa na gazeti la Ujerumani, Die Zeit. Akayashusha mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler kuwa jambo la kawaida tu katika historia, na ili kuthibitisha akataja walichofanya Wabelgiji Kongo. Wenzake wa Ujerumani walijitenga naye upesi na kutamka kwamba katika tawi lao hana nafasi tena. Mimi nilipoisoma habari ile nilishtuka kwa jambo la pili ambalo wengi hawakulizungumza. Wakongo waliokatwa mikono na kuteketezwa kwa ajili ya utomvu wa mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikuwa wameletwa pale kama jiwe la mizani, wapate kupunguza uzito wa maiti za wengine. Hakuna aliyekuwa akiwalilia. Atakayewatumia manamba, vibarua wale wa mkonge, kuhalalisha tusi kwa binti wa mwaka huu, naye atakuwa anafanya vivyo hivyo.

Halafu kuna hasara ya kazi yenyewe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye ukingo wa maji. Inapima mita. Ukuta una kiwanja, kiwanja kina hati, hati ina jina la mtu au kampuni, na kibali kilitiwa saini na ofisa. Hayo ndiyo mnayopaswa kuyafuata. Pitieni orodha yenu ya kuta moja moja muone majina. Sitashangaa mkikuta humo waheshimiwa ambao ngozi yao ni kama ya mzee wenu na kama yangu, waliofurahi sana siku ile mkutano ulipogeuka kuwa wa Wahindi. Kila dakika aliyotumia kuisema damu, hakuna aliyekuwa akiuliza saini ya nani iko kwenye kibali.

Na hofu kwamba watu watawakimbia? Huenda baadhi wataondoka. Sitakudanganya. Nchi hii ilishapita njia hiyo. Januari 1958, kwenye mkutano wa Tabora, TANU ilikubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Zuberi Mtemvu alikasirika, akatoka, akaanzisha chama chake cha Afrika kwa Waafrika. Hoja yake ilikuwa na makofi mengi. TANU ikawaunga mkono wagombea kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, wakashinda.

Lakini mtihani mgumu ulikuja kutoka kwa waliobaki. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, muswada wa uraia ulifikishwa Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Ulisema aliyezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wake mmoja awe amezaliwa Tanganyika, atakuwa raia siku ya Uhuru, awe wa rangi yoyote. Wabunge wa TANU wenyewe wakasimama mmoja baada ya mwingine kutaka uraia upimwe kwa rangi. Walikuwa makada, watu waliozunguka nchi nzima na Nyerere. Na kwenye kiti cha Spika alikaa A. Y. A. Karimjee, Mtanganyika wa asili ya Kihindi, akiyasikiliza yote katika ukumbi wenye jina la ukoo wake. Nyerere aliwajibu palepale, mbele yake na mbele ya nchi. Aliwaambia kwamba wanaotukuza rangi wanasimama kama akina Hitler, na kwamba uraia ukiachishwa uaminifu ukaozwa kwa rangi hatutaishia hapo, tutaivunja kanuni moja baada ya nyingine. Akasema muswada ukianguka serikali itajiuzulu. Ukapita.

Nataka uone alipowajibia. Angeweza kuwaita pembeni, kwenye kikao cha chama, wakamaliza kifamilia. Karimjee pale kitini asingejua kama kuna aliyemtetea. Wala sisemi TANU ilikuwa safi, kwa kuwa chama hicho hakikuwafungulia uanachama wasio Waafrika hadi 1963, na kabla ya hapo kadi ya chama kilichohubiri kwamba binadamu wote ni ndugu walinyimwa baadhi ya ndugu hao. Lakini wafuasi hawakukimbia. Uchaguzi wa rais wa 1962, Mtemvu aliposimama kumpinga Nyerere, hakufikisha hata asilimia 2 ya kura. Baadaye alirudi TANU, akapokewa.

Fimbo unayoiogopa, wenye kuta wanayo tayari. Video iko kwenye simu zao, na wakili wao akiwa mwerevu ataicheza siku mtakapopeleka shauri lenu, aseme hawa hawatetei ufukwe, wanachukia watu. Siku hiyo mtatamani kuwa na karatasi yenye tarehe, iliyopitishwa na kamati, iliyosomwa ufukweni kabla ya mtu yeyote kuwalazimisha. Kama mtasubiri hadi watakapoileta wao, tamko lenu litasikika kama la mtu aliyeshikwa mkono mfukoni.

Yule mjumbe aliyesema ulimi hauna mfupa, mwambie kwa upole kwamba Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90. Kabla ya amri ile yalitangulia maneno kama ya mzee wenu, kwenye majukwaa, na watu wakishangilia. Kuna waliofungasha sanduku moja wakaacha makaburi ya babu zao Jinja na Kampala. Binti yenu huenda amesimuliwa hayo nyumbani tangu utotoni. Aliposikia "warudi kwao" na makofi yakifuata, alisikia kitu ambacho ninyi hamkukisikia.

Nendeni kwake kabla ya kikao cha kamati, ikiwezekana kesho baada ya magharibi, saa ambayo watu huwa nyumbani. Daftari la hesabu bila shaka liko kwake, na mwenyekiti atakuwa na hamu ya kuliulizia. Mwambie asiliulizie. Kama mna haraka ya hesabu, nunueni daftari jingine.